PS3 ya dogo na waifai isiyoonekana

Jumamosi moja asubuhi aliingia mama mmoja dukani kwangu Kariakoo, PS3, ile mashine ya gemu ya Sony, imo kwenye kikapu cha sokoni, imefunikwa na khanga. Nyuma yake mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja hivi, padi mkononi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, dogo. Inasumbua nini?"

Mama akamuwahi. "Kaka, nimeambiwa hii ni ya zamani, haiingii tena mtandaoni, ninunue PS4. Hela ya PS4 sina."

Dogo akasubiri mama amalize, kisha akasema jambo ambalo mafundi wengi huwa hatuulizi: "Waifai ya nyumbani haionekani kabisa. Simu ya mama inaiona, hii haiioni."

Sentensi hiyo ilinitosha. Mashine ilikuwa nzima.

PS3 ilianza kuuzwa mwaka 2006. Redio ya waifai iliyomo ndani yake inajua viwango vya zamani vya 802.11b na 802.11g tu, yaani masafa ya 2.4GHz. Ruta za siku hizi zinarusha pia 5GHz, na kuna watu wamezima 2.4 kwa sababu mtu kawaambia 5 ndiyo yenye kasi. Ni kama kuchukua redio ya babu yenye masafa ya kati peke yake, ukaitafutia kituo cha FM. Utazungusha kitufe mpaka kesho. Kituo kipo, redio ni nzima, lakini hawakutani.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fungua ukurasa wa ruta yako (anwani na nywila huwa vimebandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1) uangalie mambo mawili. La kwanza, 2.4GHz iwe imewashwa, na ikiwezekana ipe jina lake tofauti na la 5GHz ili mashine isichanganyikiwe. La pili ni kufuli. Ruta mpya zinakuja na ulinzi wa WPA3, na PS3 haiujui. Hapo dalili inabadilika: jina la waifai utaliona, nywila utaandika vizuri, halafu itagoma. Weka WPA2 yenye AES. Usiingie tamaa ya kurudi mpaka WEP, ulinzi wa kale, eti kwa kuwa mashine ni ya zamani. WEP ni mlango wa khanga, na PS3 inaielewa WPA2 bila shida.

Wasio na ruta nyumbani wanatumia hotispoti ya simu, na ugonjwa ni uleule. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotispoti, tafuta sehemu ya masafa, chagua 2.4GHz. Kwenye iPhone kuanzia 12 kwenda juu kuna kitufe kimeandikwa "Maximize Compatibility". Ukikiwasha simu inashuka kwenye 2.4. Nimeona watu wanabadilisha laini mara tatu, wanailaumu kampuni ya simu, kumbe ni hicho kitufe kimoja. Na usihangaike kuunganisha simu na PS3 kwa waya wa USB ukitegemea intaneti ipite humo. Haipiti. Simu itapata chaji, basi.

Nilimpigia baba wa mtoto, akafungua ukurasa wa ruta akiwa nyumbani, nikamwelekeza kwa simu. Dakika kumi. Lakini sikumruhusu mama aondoke, kwa sababu kuona waifai na kuingia mtandaoni ni safari mbili.

Swali langu la pili lilikuwa kwa dogo: unataka kucheza gemu gani, na nani? Hili ningelitanguliza kila siku kama wateja wangekuwa na subira. Gemu za mtandaoni zinaishi kwa hisani ya seva, yaani kompyuta za watengenezaji zinazowakutanisha wachezaji, na seva za zama za PS3 nyingi zimeshazimwa na wenyewe. Dogo alikuwa na diski mbili. Moja ni Gran Turismo 6: seva zake zilizimwa Machi 2018, kwa hiyo atashindana na magari ya mashine peke yake, hata umletee intaneti ya mkonga mpaka kitandani. GTA Online ya PS3 na Xbox 360 (mashine ya gemu ya Microsoft) nayo ilifungwa Desemba 2021, na ninaitaja kwa kuwa vijana wakubwa huniletea mashine kwa ajili yake, wakiwa wameshanunua ruta.

Diski ya pili ilikuwa Minecraft. Hii ni aina nyingine. Mmoja wa wachezaji anafungua dunia yake, na mashine yake ndiyo inakuwa mwenyeji. Wengine wanajiunga kupitia orodha ya marafiki ya PSN, mtandao wa PlayStation. Hakuna seva ya mtengenezaji inayobeba mchezo mzima. Kucheza mtandaoni kwenye PS3 ni bure, hakuna ada ya mwezi kama PS4. Na wa kucheza naye? Binamu yake, yuko Muscat, naye ana PS3.

"Basi tutawakutanisha," nikamwambia.

Kuhusu akaunti. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN, Oman imo. Ndiyo maana akaunti nyingi ninazoziona hapa zimeandikishwa Afrika Kusini, Uingereza au Uarabuni. Shida yake huja wakati wa kununua: kadi ya kuongeza salio lazima iwe ya nchi ya akaunti. Mjomba wa Muscat akikutumia kadi ya Oman, haitaingia kwenye akaunti ya Uingereza. Tena tangu mwishoni mwa 2021 duka la PS3 halipokei kadi ya benki wala PayPal moja kwa moja kwenye mashine. Salio liwe limeshawekwa. Dogo hakuhitaji kununua kitu, kwa hiyo tuliruka hapo. Nilichosisitiza ni akaunti ya mtoto iwe chini ya ya mzazi, na umri usidanganywe, maana ndiyo njia ya mzazi kuamua nani anaweza kumtumia ujumbe mwanawe.

Sasa kuna mtego mmoja umenifanya nionekane mchawi mara nyingi. Mtu anaandika barua pepe na nywila sahihi kabisa, PS3 inamjibu kwamba si sahihi. Anabadilisha nywila. Bado. Anabadilisha tena, mpaka anajifungia nje. Nikimuuliza kama amewasha uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwenye simu, anajibu ndiyo, ili wasimwibie. Amefanya vizuri. Ila PS3 haina mahali pa kuandika ile namba. Inabidi uingie kwenye akaunti kwa simu au kompyuta, sehemu ya usalama, uombe nywila maalumu ya kuandikisha kifaa, ndiyo uiandike kwenye PS3 badala ya ile ya kawaida. Mama huyu alikuwa amewasha. Tulitengeneza nywila hiyo tukiwa tumesimama kaunta, dogo akaipiga herufi moja moja kwa padi huku anahesabu kwa sauti.

Kabla ya hapo mashine ilikuwa imedai sasisho. Ukiwa na bando dogo na waifai ya kusuasua, usishushie sasisho kwenye mashine. Likikatika katikati unaanza upya. Lishushe kwenye kompyuta kutoka tovuti rasmi ya PlayStation, ni takriban MB 200. Chukua fleshi iliyofomatiwa FAT32, tengeneza folda PS3, ndani yake folda UPDATE, zote kwa herufi kubwa, kisha weka humo faili la PS3UPDAT.PUP bila kulibadilisha jina. Kompyuta ikikuandikia "PS3UPDAT(1).PUP" kwa kuwa ulilishusha mara mbili, mashine itakwambia haioni kitu. Na kama PS3 yako imefunguliwa ili icheze gemu za kunakili, na mitaani humu ni nyingi, usiiguse kwa sasisho wala usiiingize PSN kabla hujaongea na aliyekufungulia. Sony hufungia akaunti, na mashine yenyewe pia.

Tulipojaribu muunganisho, anwani ya IP (anwani ya mashine mtandaoni) ikapatikana, halafu ikaja namba ya kosa 80710102. Hiyo ni DNS, kitabu cha simu cha intaneti. Mashine imepata njia ila haijui majina ya nyumba. Nikaenda mpangilio wa mkono, DNS ya kwanza 8.8.8.8, ya pili 1.1.1.1, mengine yote nikayaacha yajipange yenyewe. Ikapita.

Sasa wenye Xbox 360. Ile ya kwanza kabisa, ya 2005, haina waifai ndani. Ina tundu la waya tu. Kifaa chake cha waifai kiliuzwa pembeni kwa bei iliyowakera watu, na leo ukikikuta mtaani ama ni cha bei ya kuruka ama ni bandia. Achana nacho. Ile nyembamba ya 2010 ina waifai yake. Duka la Xbox 360 lilifungwa 29 Julai 2024, kwa hiyo tegemea diski au ulichonunua zamani, na ujue kwamba kucheza na wenzako kwenye Xbox kwa gemu nyingi kunadai usajili wa kulipia.

Kwa mashine isiyo na waifai, au PS3 ambayo waifai yake imekufa, dawa ya maskini ni ruta kuukuu. Mimi napenda kazi hii kuliko zote. Tafuta ruta ya kawaida, TP-Link za bei ya chini zimejaa kwa mafundi, lakini ziepuke zile zilizotolewa na kampuni za intaneti, nyingi zimefungwa. Ibonyeze kitufe cha kuifuta kwa sekunde kumi. Ingia ukurasa wake, tafuta sehemu ya namna ya kufanya kazi, chagua kuwa kirefushi cha waifai au mteja. Itakuonyesha waifai zilizo karibu; chagua ya nyumbani, weka nywila, iache iwake upya. Sasa chukua waya wa mtandao kutoka ruta hiyo mpaka kwenye Xbox. Uchomeke kwenye matundu ya LAN, yale yanayofanana rangi, si lile la peke yake la WAN. Mashine itaamini iko kwenye waya, kumbe ruta ndiyo inayosema na waifai kwa niaba yake. Zipo pia ruta ndogo za kiganja, kama TL-WR802N, zinazokula umeme wa chaja ya simu. Hizo unazificha nyuma ya televisheni na hakuna anayejua.

Waya nao usikutishe. Ruta za bei nafuu zina matundu ya Mbps 100, na kasi hiyo inatumia nyaya nne tu kati ya nane: pini 1, 2, 3 na 6, yaani jozi ya chungwa na jozi ya kijani. Nimewahi kumwokoa mtu kwa waya uliotafunwa na panya, bluu na kahawia zimekatika kabisa, na mashine ikafanya kazi bila kujua.

Bando? Kucheza kwenyewe hakuli sana, mara nyingi ni makumi ya MB kwa saa. Kinachokula ni kushusha gemu na masasisho. Hayo yasubirie bando la usiku.

Kilichobaki ni kukutana na binamu. Kwenye majaribio ya muunganisho PS3 inaonyesha aina ya NAT, yaani mashine iko wazi kiasi gani kufikiwa kutoka nje: 1, 2 au 3. Ruta ya dukani kwangu, kama ya nyumbani kwa dogo, inatumia laini ya simu, na kwenye laini za simu wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje, kama nyumba nyingi zenye sanduku moja la posta. Barua ya kutoka inaondoka vizuri. Ya kuingia bila kutarajiwa haijui imfikie nani. Ikaja Aina ya 3, kama nilivyotegemea. Kufungua milango ya ruta hakusaidii hapo, kwa sababu ukuta uko kwa kampuni, si kwako. Ukiwa na mkonga unaweza kuwaomba anwani ya peke yako, wengine hutoa kwa malipo.

Lakini hatukuhitaji. Tulimpigia binamu kwa simu ya mama, akaangalia yake: Aina ya 2. Wawili wa Aina ya 3 mara nyingi hawaonani, ila wa 3 akijiunga na wa 2 nafasi ni kubwa. Kwa hiyo nikamwambia dogo asifungue dunia yake. Wa Muscat afungue, yeye aingie kama mgeni.

"Lakini dunia yangu ina nyumba kubwa," akalalamika.

Mama akamtazama. Tukapatana waanze saa kumi jioni ya hapa, ambayo kule ni saa kumi na moja. Saa kumi na robo simu yangu ikaita, na nilichosikia kwanza ni kelele za watoto wawili, mmoja anatoka kwenye spika.