Mnyororo wa Kwenye Mbuyu: Yasemwayo Bagamoyo na Yaliyokuwa

Kwenye viwanja vya misheni ya Wakatoliki Bagamoyo kuna mbuyu mnene, na shinani mwake kimechomoza kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Nimesimama chini yake na makundi ya wanafunzi mara nyingi, na hakosekani mmoja wa kukigusa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hapa ndipo walipokuwa wakifungwa watumwa?"

Aliyefungwa hapo ni punda. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapa mwaka 1868, na simulizi ya misheni yenyewe ni kwamba Madame Chevalier, mama wa Kifaransa wa mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyezungusha mnyororo huo mtini ili amfunge punda wake. Mbuyu ukanenepa, mnyororo ukabaki ndani. Ukiwaeleza hivyo, baadhi ya wageni hununa kana kwamba umewanyang'anya kitu mkononi. Mwalimu mmoja aliwahi kuninong'oneza, "Si ungewaachia tu, kaka, wamesafiri mbali." Nilimwelewa. Lakini mji huu una machungu ya kweli ya kutosha, hauhitaji kuazima ya punda.

"Bagamoyo ni mahali mtumwa alipoacha moyo wake"

Hili utalisikia kila matembezi. Mtumwa aliifikia bahari, akajua harudi tena kwao, akabwaga moyo.

Tulisikilize neno lenyewe kwanza. Kubwaga ni neno la mwenye mzigo: mtu anabwaga kuni, anabwaga gunia. Mnyamwezi aliyetoka Tabora na pembe ya ndovu begani, mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, alipoiona minazi na bahari alijua safari imekwisha na mzigo unatua. Moyo nao ukatua. Wimbo wa wapagazi ulioandikwa na Mjerumani mmoja enzi za ukoloni unauambia moyo ufurahi, maana mji wa minazi umefikiwa.

Sisemi kwamba hakuna aliyefika ufukweni shingo imefungwa na tumaini limemwisha. Walikuwapo, na maneno yaleyale yanaweza kuubeba uchungu wao. Ila jina linalosomeka namna mbili haliwezi kuwa shahidi wa upande mmoja.

"Hapa palikuwa soko kuu la watumwa"

Soko kuu lilikuwa Unguja, pale Mkunazini, hadi Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga mwaka 1873. Na kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, watumwa waliovushwa kwenda Unguja walitoka zaidi Kilwa Kivinje, wakiwa wameteremshwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Bagamoyo nako watu waliuzwa, na wengi walibaki kutumika katika mashamba na majumba ya hapahapa. Hilo halifutiki. Lakini kilichounenepesha mji ni pembe za ndovu.

Na nani aliyezibeba? Picha iliyo vichwani mwetu ni ya watumwa waliotwishwa pembe na kupigwa mijeledi njia nzima. Katika njia ya kati, ya kutoka Ujiji na Tabora, wabebaji wengi walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, na watu wa pwani waliojiajiri kwenye misafara. Walipatana malipo kabla ya kuondoka: vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba. Walidai posho yao, na ikicheleweshwa waligoma, au mizigo ikakutwa imelala porini na wenyewe hawapo. Mbele alitangulia kirongozi aliyevalia manyoya na mapambo ili msafara uonekane kutoka mbali. Kazi hii ilikuwa na heshima yake. Kijana wa Unyamwezi aliyewahi kufika pwani alirudi kwao akiwa mtu mzima.

Ndiyo maana nasikitika nikiona kundi limeingia Karavanserai, pale misafara ilipopangwa na kuandaliwa, na kila mmoja anatafuta kuta za gereza. Aliyepita pale akihesabu mita zake za merikani hatafutwi na mtu.

"Wajerumani ndio waliokomesha utumwa"

Waliitumia hoja hiyo kuhalalisha vita vyao, hilo ni kweli. Lakini sheria ya Afrika Mashariki ya Kijerumani haikuwahi kuufuta. Walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru, na kuruhusu watu kukombolewa kwa hati. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, yaani miaka 49 baada ya soko la Unguja kufungwa. Mgeni anayedhani yote yaliisha 1873 anaruka maisha ya kizazi kizima na zaidi.

Hapohapo kuna jingine: vita ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ya 1888 hadi 1889, kuitwa "uasi wa Waarabu". Hilo ni jina walilolitoa Wajerumani. Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hiyo, alikuwa na asili ya Kiarabu, sawa, lakini Bwana Heri wa Saadani alikuwa Mzigua, na nyuma yao walikuwamo watu wa pwani na wa bara wa kila namna. Na Bushiri hakunyongewa Bagamoyo, ingawa ipo kumbukumbu ya walionyongwa karibu na ufukwe. Alinyongewa Pangani, Desemba 1889.

"Livingstone aliishi hapa"

Kuna mlango wenye maandishi kwamba Dakta Livingstone alipita hapo. Alipita kweli, ila akiwa maiti. Akiwa hai hakuwahi kufika Bagamoyo.

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chifu Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo wa kawaida na kuubeba miezi mingi hadi pwani. Waliwasili Februari 1874, mwili ukalala usiku katika kanisa la misheni, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa London. Kwa hiyo katika mji wa kubwaga moyo, yeye alifika moyo wake akiwa ameshauacha Chitambo. (Utani huu huwachekesha watu wazima; watoto hunitazama tu.)

Mnara wa kanisa hilo unaitwa wa Livingstone. Majina ya Chuma na Susi, watumishi wake, wengi wameyasikia shuleni, lakini msafara ule ulikuwa na watu kadhaa wengine, wanawake wakiwamo. Hiyo ndiyo safari ya upagazi inayojulikana kuliko zote zilizowahi kuingia Bagamoyo, na bado tunaisimulia kama habari ya mzigo.

Mawili ya haraka

Bagamoyo haimo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tangu 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo kwenye orodha ya mapendekezo ya Tanzania, basi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ndizo zimo, tangu 1981.

Na makao makuu ya Wajerumani hayakuhama hapa kwenda Dar es Salaam mwaka 1891 kwa sababu ya laana yoyote. Maji ya Bagamoyo ni mafupi. Jahazi linaweza kukaa mchangani maji yakitoka na likaelea yakijaa. Meli ya mvuke haiwezi.

"Kaole ilijengwa na wageni"

Kilomita kama tano kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole: misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Mtu akiona jiwe na chokaa husema Waarabu, au Washirazi. Lakini makaburi ya nguzo ni mtindo wa pwani hii ya Afrika Mashariki. Kule Uarabuni hutayakuta. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8. Watu walianza na walichonacho, wakaongeza.

Damu ilichanganyika, hilo halina ubishi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, wa watu 80 waliozikwa Kilwa, Songo Mnara, Lindi, Mtwapa, Manda, Faza na mji mmoja wa bara, ulionyesha mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000: upande wa Afrika hasa kupitia akina mama, upande wa Asia hasa kupitia wanaume kutoka Uajemi. Hakuna wa Kaole kati yao, lakini pwani ni ileile. Babu alitoka ng'ambo, bibi alikuwa kwao, na lugha iliyobaki nyumbani ni ya bibi.

Ukifika, tazama vishimo kwenye nguzo, vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za Kichina. Hizo ndizo zilizotoka mbali. Jiwe ni la matumbawe ya hapo chini, chokaa yake ilichomwa hapohapo, na boriti zilikatwa kwenye mikoko, ambayo siku hizi imesogea mbele ya magofu hata bahari usiione.