Kope Limevimba, au Jicho Linatoka?

Mama mmoja muuza dagaa, mkazi wa Sahare hapa Tanga, alikaa kwenye kiti cha kliniki yetu akaanza kwa kujitetea: "Dokta, wateja wanasema nawakodolea macho. Wallahi siwakodolei." Alikuwa ameshamaliza chupa tatu za dawa ya matone, zote kanunua duka la dawa, zote za mzio. Nyumbani shangazi yake alishaamua kwamba ni husuda ya watu wa sokoni.

Nilimwomba kitambulisho chake cha taifa. Kwenye picha ile, kope la juu lilifunika kidogo ukingo wa duara jeusi la jicho, kama ilivyo kwa wengi wetu. Sasa weupe ulionekana juu ya duara lile, macho yote mawili. Aliponyoosha mkono kukipokea kitambulisho, vidole vilikuwa vinatetemeka.

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye tezi ya shingo, ile ya thairoidi. Wakati mwingine kinga ya mwili huigeukia tezi hiyo na kuifanya itoe homoni kupita kiasi. Kinga hiyohiyo huweza kushambulia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa, kwa hiyo kitu chochote kikivimba nyuma yake, hulisukuma mbele. Mgonjwa hukonda huku anakula vizuri, moyo humwenda mbio, hutoka jasho na kuona joto kuliko wenzake. Wanawake huupata zaidi. Sigara huyaharibu macho haya kwa kasi, na mvutaji namwambia wazi kwamba kuacha ni sehemu ya tiba yake. Rovu la upungufu wa madini joto ni jambo jingine kabisa. Kuzidisha chumvi yenye madini joto hakurudishi macho ndani.

Yapo mambo mawili yanayotutia hofu hapo. Makope yasipofunga vizuri usiku, kioo cha mbele cha jicho hukauka na kupata vidonda. Na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukibanwa, uwezo wa kuona hupungua. Dalili yake ya mapema ni rangi kufifia, hasa nyekundu: ziba jicho moja, tazama khanga nyekundu, kisha ubadilishe. Upande mmoja ukiiona imepauka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Watu wengi husema "jicho limevimba" wakimaanisha vitu viwili tofauti. Kope kuvimba ni jambo la kila siku. Chokea hukandwa kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku, bila kuliminya. Mzio wa wanja au wa gundi ya kope bandia hutulia ukiacha kutumia. Makope yanayovimba kila asubuhi pamoja na miguu yanataka kipimo cha mkojo, kwa sababu huenda ni figo. Jicho lenyewe kutoka nje ndilo jambo zito, na halina dawa ya dukani. Matone yenye steroidi, ambayo baadhi ya watu hununua kwa sababu yanaondoa wekundu haraka, yakitumika muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Unaweza kupima nyumbani. Mkalishe mtu kwenye kigoda, simama nyuma yake, kiinamishe kichwa chake nyuma kidogo, kisha utazame kutoka juu ya paji la uso. Jicho lililotoka huonekana limelizidi mwenzake kuvuka nyusi. Sisi tuna kifaa cha kupima, na tofauti ya zaidi ya milimita 2 kati ya macho mawili hatuiachi bila uchunguzi.

Kwa mtoto, naomba sana msisubiri. Mtoto mwenye mafua ambaye ghafla ana homa, kope jekundu limevimba, na jicho linauma akiligeuza au limeanza kutoka, huenda usaha umepita kutoka kwenye nafasi za hewa ndani ya mifupa iliyo kando ya pua hadi nyuma ya jicho. Ukubwa wa kope usikutie moyo wala kukuvunja moyo. Lifunue taratibu kwenye mwanga umuulize anaona nini. Huyo anahitaji kulazwa na kuchomwa sindano za antibiotiki leo, kwani maambukizi hayo huweza kufika kwenye ubongo.

Kuna na saratani ya jicho ya watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Kabla jicho halijatoka, mboni huwa na mng'ao mweupe jioni, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, kama jicho la paka. Wengine huanza na makengeza. Mara nyingi mama ndiye anayeona kwanza, kisha anaambiwa ataacha akikua. Akiletwa wakati huo, kupona kunawezekana, kwa matibabu ya hospitali za rufaa, Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi. Wapo wazazi wanaosikia jicho litatolewa, wakamchukua mtoto na kuondoka. Nawaelewa. Wanaporudi jicho limeshatoka nje, na hapo tunaupigania uhai wenyewe.

Aliyeanguka na bodaboda, jicho likawa gumu, limetoka, na kuona kunapungua, asikandwe wala asifungwe bandeji ya kubana. Akimbizwe hospitali kubwa, Bombo kwa walio mjini, kwa kuwa damu iliyojikusanya nyuma ya jicho huweza kulipofusha ndani ya saa chache.

Ukija kliniki, njoo na picha yako ya miaka miwili au mitatu iliyopita, na dawa zote ulizotia, hata chupa tupu. Kama ni ya majani au maziwa ya mama, tuambie. Hatutakugombeza, tunataka kujua kilichoingia kwenye jicho.