Kisaga mabaki cha chini ya sinki: dhana potofu kuhusu vyeti vya usalama

Mashine ya kusaga mabaki ya chakula, ile inayoning'inia chini ya sinki la jikoni, inakusanya pamoja umeme wa volti 230 au 240, maji yanayotiririka na mikono iliyolowa. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme vya nyumbani, IEC 60335-1, kina sehemu maalumu kwa ajili yake: IEC 60335-2-16. Kwa wauzaji na wanunuzi wengi, cheti ni stika tu. Ni muhimu kujua kila stika inasema nini, na inanyamazia nini.

Dhana: "Ina alama ya CE, kwa hiyo imepimwa na maabara."

CE, alama ya bidhaa zinazouzwa Ulaya, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Chini ya Agizo la Ulaya 2014/35/EU, linalohusu vifaa vya volti 50 hadi 1000 vya umeme wa kawaida wa nyumbani, hakuna sharti kwamba maabara huru ikipime kifaa. Mtengenezaji anaandaa jalada la kiufundi, anasaini tamko la kukidhi, kisha anabandika alama. Wapo wanaofanya hivyo kwa uaminifu baada ya kupima kila kitu. Wapo pia wanaobandika tu.

Kwa hiyo usiishie kwenye alama; omba hilo tamko, kisha soma namba za viwango vilivyotajwa. Unatafuta EN 60335-1 na EN 60335-2-16, yaani matoleo ya Ulaya ya viwango vile vya IEC. Ukikuta EN 55014 peke yake, umepewa karatasi inayohusu mwingiliano wa mawimbi ya redio. Haina neno hata moja kuhusu mtu kupigwa shoti, na karatasi ya namna hiyo huonyeshwa wateja kana kwamba ndiyo cheti cha usalama.

Kuna uvumi kwamba CE yenye herufi zilizokaribiana sana ni alama ya "China Export". Alama rasmi ya namna hiyo haipo. Herufi za CE huchorwa kwa kufuata duara mbili zinazoingiliana, na urefu wake usipungue milimita 5. Ikichorwa vibaya ni CE iliyotumiwa vibaya, basi. Nayo CCC, alama ya usalama ya China, ni ya bidhaa zinazouzwa ndani ya China. Bidhaa ya kuuzwa nje kukosa CCC si kasoro.

Dhana: "Vipimo vyenyewe ni kukiwasha na kuona kama kinazunguka."

Hapa ndipo penye uzito wote wa cheti. Kisaga mabaki chenye bodi ya chuma kwa kawaida ni kifaa cha Daraja la I, yaani usalama wake unategemea waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Maabara hupitisha mkondo usiopungua ampea 25 kutoka kwenye sehemu za chuma zinazoguswa hadi kwenye pini ya ethi, na ukinzani usizidi omu 0.1. Kisha hupima umeme unaovuja: kwa kifaa cha mota cha Daraja la I kilichofungwa mahali pamoja, kikomo ni miliampea 3.5.

Kifaa huwekwa kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 93 kwa saa 48, halafu insulesheni hujaribiwa kwa volti zinazozidi elfu moja kuona kama itapasuka. Vifaa vinavyoweza kumwagikiwa hujaribiwa kwa maji yenye chumvi ya takriban asilimia 1, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, na mchuzi wa jikoni una chumvi. Mota nayo hushikiliwa isizunguke huku ikipewa umeme, kama inavyotokea kijiko kinapokwama, ili kuona kama koili zitapita joto lililoruhusiwa kabla kinga haijakata. Plastiki hugusishwa waya uliopashwa moto hadi nyuzi 550 za Selsiasi, na zile zinazoshikilia viunganishi vya umeme hujaribiwa kwa joto kubwa zaidi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukiona dukani kwa macho. Kifaa kibovu na kizuri vyote huzunguka siku ya kwanza.

Dhana: "Kinga inayojirudisha yenyewe ni bora kuliko ile ya kubonyeza."

Ni kinyume. IEC 60335-1 inakataza kinga ya joto inayojirudisha yenyewe pale ambapo kifaa kikiwaka ghafla kinaweza kumdhuru mtu. Fikiria mashine iliyokwama: mtu ameingiza mkono kutoa mfupa, swichi bado imewashwa, mota imepoa, kinga inajirudisha. Kitufe chekundu kilicho chini ya kisaga kimewekwa kwa sababu hiyo. Mashine ikikwama: zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, zungusha sahani kwa ufunguo wa pembe sita kupitia tundu la chini (mashine nyingi hutumia wa inchi robo), toa kilichokwama kwa koleo na si kwa vidole, subiri ipoe, kisha bonyeza kitufe na urudishe plagi.

Wengine huogopa visu vilivyomo ndani. Kwa kawaida hakuna visu kama vya blenda. Kuna vishikizo vya chuma juu ya sahani inayozunguka, vinavyosukuma mabaki yasagike kwenye pete ya pembeni. Kidole huvunjwa hata hivyo.

Dhana: "Cheti cha shehena ya mwaka jana kinatosha kwa hii."

Kenya ilianza mpango wa ukaguzi wa ubora kabla ya bidhaa kusafirishwa, unaojulikana kwa herufi PVoC, mwaka 2005 chini ya shirika lake la viwango, KEBS. Tanzania ilianza mwaka 2012 chini ya shirika lake, TBS. Hati inayotolewa, CoC (cheti cha kukidhi viwango), inahusu shehena fulani: ankara fulani, modeli fulani, idadi fulani. Shehena nyingine ni hati nyingine.

Kinachopungua ni ukali wa ukaguzi, kulingana na njia. Njia A ni ya bidhaa ambazo hazijasajiliwa: kila shehena hupimwa na kukaguliwa. Njia B ni ya bidhaa zilizosajiliwa baada ya kuonyesha kwamba ubora wake haubadilikibadiliki. Njia C ni ya watengenezaji ambao mfumo wao wa uzalishaji umekaguliwa na kupewa leseni. Mwagizaji anayeleta visaga 20 kwa mara ya kwanza ajipange kwa Njia A, na gharama ya vipimo aiingize kwenye hesabu kabla ya kulipa kiwanda, kwa sababu maabara ikikataa modeli hiyo pesa ya mzigo itakuwa imekwisha kwenda.

Kifaa kimoja kilichokuja kwenye sanduku la mtu aliyetoka Dubai au Minnesota kwa kawaida hakipitii mlango huo. Hakijakataliwa, lakini pia hakuna aliyekiangalia. Mwenye nyumba ndiye anayebaki na kazi ya kusoma kibao chake.

Dhana: "Kimepitishwa Marekani, kwa hiyo ni salama popote."

Kiwango cha Marekani kwa visaga mabaki ni UL 430, cha shirika la upimaji la UL, na ni kiwango kikali. Lakini UL waliipima mashine hiyo kwa volti 120 na hezi 60. Watu hununua transfoma ya kushusha volti na kudhani kazi imeisha. Transfoma haibadilishi hezi. Mota ya indaksheni iliyoundwa kwa hezi 60, ikipewa volti zilezile kwa hezi 50, hupungua mwendo kwa takriban sehemu moja ya sita: kutoka mizunguko 1725 kwa dakika hadi karibu 1440. Wakati huohuo sumaku ndani ya chuma chake inaongezeka kwa asilimia 20, chuma kinajaa, mkondo unapanda, koili zinapata moto. Cheti hakikuwahi kuzungumzia hali hiyo.

Lipo jambo la rangi pia, na ni la hatari zaidi kwa sababu halina dalili. Visaga vingi vya Marekani huja bila plagi, vikiwa na waya mweusi, mweupe na wa kijani. Mweusi wa Marekani ni laini, yaani wenye moto. Kwenye nyumba za zamani za Afrika Mashariki zilizofungwa kwa rangi za zamani za Kiingereza, mweusi ni nyutro. Fundi akiunga mweusi kwa mweusi, swichi na kinga ya mashine zinaangukia upande wa nyutro: ukizima, mota inasimama, lakini koili bado zina umeme.

Kifaa kilichonunuliwa Falme za Kiarabu au Oman kina bahati, maana kule pia ni hezi 50 na plagi ya pini tatu bapa. Saudi Arabia wanatumia hezi 60, kwa hiyo soma kibao kwanza. Kibao kinapaswa kuonyesha volti, aina ya umeme au hezi, wati au ampea, jina la mtengenezaji na modeli. Kikikosa hata kimoja kati ya hivyo, acha.

Dhana: "Mashine ina cheti, iliyobaki ni kuichomeka."

Cheti kinaisha kwenye ncha ya plagi. Hapa jikoni kwetu kuna tabia inayokifuta mara moja: plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo husukumizwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kuingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu. Plagi hiyo hupata ethi kupitia vibati vya chuma vya pembeni, na kwenye soketi yetu havigusi kitu. Mashine ya Daraja la I inageuka kuwa chuma kisicho na ethi, kimefungwa kwenye sinki la chuma. Tena, fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu haipo. Kinachobaki ni breka ya ampea 32 ya soketi zote, ambayo haikuwekwa kulinda kebo nyembamba ya kisaga.

Fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania, akate plagi hiyo kama mtengenezaji anaruhusu, afunge ya pini tatu, na aweke fyuzi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Mashine ya nusu hospawa hutumia ampea mbili na ushei ikiwa inazunguka, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Fyuzi ya ampea 3 inaweza kuungua bila kosa lolote. Soketi ikae pembeni na juu ya kiungo cha bomba, si chini yake. Kwa swichi, ya hewa ni nzuri mno: kitufe kilicho kando ya sinki kinasukuma hewa tu kwenye mrija, umeme unabaki kwenye kisanduku cha chini.

Cheti cha usalama wa umeme pia hakisemi lolote kuhusu mabomba wala shimo la maji taka. Nyumba yenye septiki itajaa tope mapema zaidi.

Dhana: "Muuzaji amenitumia PDF ya cheti, inatosha."

Linganisha modeli iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye kibao, herufi kwa herufi. Herufi moja ya mwisho inaweza kumaanisha mota nyingine. Angalia volti na hezi. Kisha tafuta namba ya cheti kwenye hifadhi ya aliyekitoa: Product iQ ya UL, Certipedia ya TÜV Rheinland, au orodha ya vyeti vya CB ya IECEE, mfumo wa IEC wa vyeti vya vifaa vya umeme. Kwa bidhaa yenye SM, alama ya ubora ya KEBS, tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023.

Uliza pia kama kiwanda kinakaguliwa baada ya cheti kutolewa. Ripoti ya vipimo inahusu sampuli chache zilizofika maabara. Alama ya UL na ile ya GS ya Ujerumani huambatana na ukaguzi wa kiwanda; CE kwa vifaa hivi haina sharti hilo.

Dhana: "Breka ya kuvuja umeme inajikata ovyo, iondolewe."

Breka hiyo ya miliampea 30 ikijikata kila kisaga kinapowashwa, kwanza papasa chini ya mashine kwa karatasi kavu, plagi ikiwa nje. Maji yakionekana kwenye kitufe chekundu au kwenye mshono wa chini, sili ya shafti imekwisha na maji yamefika kwenye mota. Mashine iliyokuwa haizidi kikomo cha miliampea 3.5 ilipokuwa mpya sasa inavujisha mara kadhaa ya hapo. Kwa modeli nyingi sili haibadilishwi peke yake: mashine inatolewa, na tundu la sinki linafungwa bomba la kawaida hadi nyingine ipatikane.