Kuainisha kimakosa: maana yake na matumizi yake

Kitabu cha nyangumi kikikutwa katikati ya vitabu vya samaki, kosa linaweza kuwa moja kati ya mawili, na watu wengi huyaita yote kwa jina moja. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kulingana na mada, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876 na unaotumika katika maktaba nyingi duniani, samaki wako 597, nyangumi yuko 599.5 pamoja na mamalia wenzake. Ikiwa mgongoni mwa kitabu pameandikwa 599.5 lakini msomaji alikirudisha kwenye rafu ya 597, kitabu hicho kimewekwa pasipo pake. Dakika moja inatosha kukihamisha. Ila kama mkutubi mwenyewe ndiye aliyekipa namba 597, basi kimeainishwa kimakosa. Hili sisi wakutubi tunaliogopa zaidi, kwa sababu kila atakayekirudisha rafuni kwa uangalifu atakuwa analirudia kosa, na anayekitafuta kwenye mamalia ataondoka akiamini kwamba hatuna.

Kuainisha kunatokana na neno aina: ni kukipa kitu aina yake. Wengi husema "kuainisha vibaya", na wanaeleweka. Mimi hupendelea "kimakosa", kwa kuwa "vibaya" huweza pia kumaanisha ovyo, na mtu anaweza kuainisha ovyo na bado akapatia.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kigezo. Chukua nomino kiongozi. Ukipanga ngeli kwa viambishi vya nomino yenyewe, kiongozi na viongozi wanakaa na kiti na viti bila ubishi. Ukipanga kwa upatanisho, tunasema "kiongozi mpya amefika", kwa hiyo yumo A-WA, na aliyemweka KI-VI ameainisha kimakosa. Nomino ni ileile. Mwalimu anayemkosoa mwanafunzi hapa bila kumtajia kigezo hamtendei haki.

Usichanganye pia na kuainisha upya. Pluto ilihesabiwa kuwa sayari tangu ilipogunduliwa mwaka 1930 hadi Agosti 2006, wanaastronomia walipopitisha maana mpya ya sayari na kuihamishia kwenye sayari kibete. Waliotangulia hawakuainisha kimakosa. Maana hiyo haikuwapo. Anayefuata maana ya 2006 na bado akaitaja Pluto kuwa sayari ya tisa, huyo ndiye aliyeainisha kimakosa.