Yeremia 29:11 iliandikiwa nani?

Kijana mmoja aliyemaliza chuo na kukaa miaka minne bila ajira alinijia na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kufundisha Agano la Kale: "Mwalimu, Yeremia 29:11 ni ahadi yangu?" Alikuwa amelibandika ukutani andiko hilo la mawazo ya amani na tumaini, akaliombea, akalifungia. Sasa alitaka kujua kama Mungu amemsahau, au kama imani yake ndiyo haikutosha. Nilimwambia afungue Biblia, lakini tuanzie mstari wa kwanza wa sura.

Ile sura ni barua. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza aliuteka Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wafua chuma, akawapeleka Babeli. Yeremia alibaki Yerusalemu, akawaandikia wale mateka. Elasa na Gemaria, wajumbe wa mfalme Sedekia, ndio walioibeba barua yenyewe. Kwa hiyo ina mwandishi, ina waliobeba, ina walioandikiwa.

Hapa Kiswahili kinatufaa sana. Kiingereza cha leo hakitenganishi "wewe" na "ninyi". Kiebrania kinatenganisha, na sisi pia. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ninayowawazia ninyi. Hata hivyo nasikia mimbarani, na nasoma kwenye stetasi za WhatsApp, "mawazo anayokuwazia wewe". Silabi moja imebadilishwa, na taifa zima lililoko utumwani limekuwa mtu mmoja anayesubiri kuitwa kazini.

Sasa rudi sura moja nyuma, maana bila sura ya 28 barua hii haieleweki. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili Mungu atavirudisha vyombo vya hekalu pamoja na Yekonia na mateka wote. Kisha akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Jibu la Yeremia kwa tangazo lile, kabla nira haijavunjwa, hunigusa kila ninapolisoma: alisema "Amina". Naye alitamani iwe hivyo. Ila neno alilopewa baadaye lilikuwa zito: umevunja nira za mti, mahali pake patakuwa na nira za chuma. Hanania alikufa mwaka uo huo. Na huko Babeli kwenyewe walikuwako manabii wenye ujumbe wa namna hiyo hiyo, wakiwaambia watu wasifungue mizigo yao.

Barua inawajibu hao. Jengeni nyumba. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae, muoze watoto wenu. Halafu mstari wa 7, ambao kwangu ndio moyo wa sura nzima: "Kautakieni amani mji ule." Mji gani? Babeli, mji wa waliowateka! Neno la Kiebrania ni shalom, nalo limo mara tatu katika mstari huo mmoja, kisha linarudi katika mstari wa 11. Wafasiri wa Union Version walifanya vizuri kuandika "amani" mahali pote panne, maana msomaji anaweza kuufuata uzi. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza zinaweka wazo la kufanikiwa katika mstari wa 11, na mahubiri yetu mengi ya mafanikio yametokea huko. Shalom ni pana, mafanikio yamo ndani yake. Lakini amani ya mstari wa 11 haikatwi na ile ya mstari wa 7: wataipata pamoja na jirani zao Wababeli.

Kuhusu "siku zenu za mwisho", maana yake hapo si kiyama. Kiebrania kinasema tu "mwisho na tumaini", yaani kesho yenye tumaini.

Kesho hiyo ilikuwa mbali. Mstari wa 10, ambao haubandikwi ukutani, unasema Mungu atawajilia "Babeli utakapotimiziwa miaka sabini". Wengine huhesabu kuanzia 597 hadi Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipoutwaa Babeli mwaka 539 K.K., wakapata 58, wakafadhaika. Miaka hiyo inahesabiwa kwa utawala wa Babeli, ulioanza kabla ya Yekonia kuchukuliwa. Vyovyote uhesabuvyo, mtu mzima aliyeisikia barua ikisomwa alijua atazikwa ugenini. Semaya, mmoja wa mateka, alikasirika hata akaandika barua yake kudai Yeremia atiwe mkatale.

Kwa hiyo nilimjibu yule kijana hivi: Mungu aliyesema maneno haya ndiye Mungu wako, na moyo wake haujabadilika, lakini hakukupa hapa tarehe ya ajira, wala kukosa ajira si ushahidi kwamba huna imani. Aliuliza kama kuna mtu aliyetii kweli ile barua. Hilo nalipenda, kwa kuwa tunajua.

Kuna vibao vya udongo kutoka Babeli, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinavyotaja kijiji kiitwacho Al-Yahudu, mji wa Yuda. Cha kwanza ni cha mwaka 572 K.K. Vimeandikwa mikataba ya mashamba, shayiri, tende, kodi na madeni. Familia moja tunaifuata vizazi vinne: Samak-Yama, mwanawe Rapa-Yama, mjukuu Ahikamu, kisha wana watano wa Ahikamu waliogawana urithi wa baba yao. Mmoja wao aliitwa Hagai. "Mkaongezeke huko," barua ilikuwa imesema, "wala msipungue."