Boti ya faiba haikaguliwi ikiwa majini

Wateja wanaotaka kununua boti hunipigia simu niwakagulie, kutoka Dunga, Usenge au Mbita, kandokando ya Ziwa Victoria, wakiwa wameshaipenda: faiba yenye kabini, rangi mpya, viti vimeshonwa upya. Jibu langu ni lilelile. Ipandishwe nchi kavu, ikauke siku kadhaa, ndipo nije na nyundo yangu ya plastiki.

Naanzia omo, yaani mbele, naelekea tezi, yaani nyuma, nikigonga kila baada ya upana wa kiganja. Faiba nzima hutoa mlio mkali na mkavu, kama kikombe kisicho na ufa. Iliyoachana matabaka hutoa mlio mfu, kama katoni iliyolowa. Kila penye mlio mfu nazungushia chaki. Juzi muuzaji mmoja alinikasirikia: "Fundi, unaniharibia boti!" Nikampa nyundo agonge mwenyewe, ndani ya duara kisha nje yake. Alirudia mara tatu, halafu akanyamaza.

Wengi huamini maji ya chumvi ndiyo adui wa faiba. Kwa injini ni kweli. Kwa faiba yenyewe, maji baridi ya ziwa letu ni makali zaidi. Ile ngozi ngumu inayong'aa, jelikoti, hupitisha maji kidogo kidogo. Yakifika ndani huyeyusha mabaki ya rezini, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba, na kuwa kioevu kizito chenye asidi, nacho huvuta maji zaidi kutoka nje. Maji yasiyo na chumvi huvutwa kwa kasi kuliko ya bahari, kwa hiyo boti iliyokaa Kilifi miaka mingi bila doa inaweza kuanza kutoka malengelenge baada ya kuletwa Kisumu. Nikitoboa lengelenge navaa miwani, maana kioevu hicho huruka kwa nguvu. Kikinata vidoleni na kunuka siki, nimeshajua. Malengelenge machache si kifo cha boti. Yakitapakaa chini kote, ngozi itabidi ikwanguliwe, boti ikaushwe kwa miezi, ndipo ivalishwe rezini upya, na gharama hiyo lazima itoke kwenye bei.

Ila mahali ninapokaa muda mrefu kuliko pote ni bao la tezi, pale injini inapofungwa. Kwa nje unaona faiba tupu, lakini boti nyingi za zamani zina plaiwudi ndani yake. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri linatosha kuiozesha. Miaka ya mwanzo niliwahi kukagua boti ya futi 24 ambayo mwenyewe alikuwa na haraka, nikaacha kuchomoa skrubu. Baada ya miezi mitatu mnunuzi akaniita. Kila akiongeza kasi, injini ilikuwa ikiyumba, na kando ya boliti za juu palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Skrubu ya chini kabisa niliitoa kwa vidole vitupu. Maji ya kahawia yakaifuata, na vijiti vya mbao laini kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Nilimrudishia ada yake, na tangu siku hiyo sijasaini ripoti bila kuchomoa skrubu ya chini na kuning'inia kwenye injini kwa uzito wangu wote.

Injini nataka niikute baridi. Nikiigusa ina joto, naondoka na kurudi kesho. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mgandamizo wa silinda moja na nyingine usipishane zaidi ya takriban asilimia 10. Tena msiilaumu haraka injini iliyotoka Mombasa ikishindwa kufikisha mizunguko yake: Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu hupotea. Mara nyingi propela yenye mkato mdogo, yaani inayosukuma boti umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko, humaliza tatizo. Gugumaji ni jambo jingine. Likiziba tundu la maji ya kupoza, injini huungua upesi, basi nafungua pampu nikague ule mpira wake unaosukuma maji.

Mwisho tunaingia ziwani, saa nzima, kwa kasi ya juu kabisa. Kabla ya kuondoka naikausha ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, kwa tambara. Tukirudi nafungua kifuniko na kuingiza mkono. Maji yoyote nitakayoyagusa yameingia leo.