Neno “kihatarishi” katika vifo vya watoto wachanga

Kihatarishi ni jambo lolote ambalo, likiwapo kwa mtoto, kwa mama yake au mahali wanapoishi, huongeza uwezekano wa mtoto huyo kuugua au kufa. Kwa watoto ambao hawajatimiza mwaka mmoja, vihatarishi vinavyotajwa mara nyingi katika habari za nimonia, kuhara, malaria na surua ni uzito wa kuzaliwa usiofika kilo 2.5, kuzaliwa kabla ya wakati, kutonyonyeshwa maziwa ya mama peke yake katika miezi 6 ya kwanza, utapiamlo, chanjo zisizokamilika, mimba zilizofuatana upesi, moshi wa makaa ndani ya nyumba, maji machafu na umbali wa kituo cha afya. Ufafanuzi ni huo, nami sitaurefusha.

Ninaandika kwa ajili ya sentensi moja niliyoisikia kwenye kilio, huku Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, katika majira ya mvua. Mtoto wa miezi 4 alikuwa amefariki kwa nimonia. Mama yake aliketi kwenye mkeka, kitenge kimelowa kifuani kwa maziwa ambayo hayakuwa tena na wa kuyanyonya, na mwanamke mmoja aliyekuja kumpa pole akamwambia kwa upole kabisa: “Pole, dada. Kwenye kituo walisema alikuwa na kihatarishi, alizaliwa na kilo mbili. Ndicho kilichomuua.” Mama hakujibu. Aliitoa kadi ya mtoto chini ya mto, akaitazama ile namba iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu siku ya kuzaliwa, kana kwamba ni yeye aliyeiandika. Tangu siku hiyo nimelisikia neno hilo likitumiwa vivyo hivyo redioni, kanisani, na hata na vijana wanaosomea uuguzi, na kila mara namkumbuka mama yule.

Neno lenyewe linayakataa matumizi hayo ya kulifanya sababu ya kifo. Kihatarishi kimetokana na kuhatarisha, na kuhatarisha kumetokana na hatari, ambayo tuliipokea kutoka Kiarabu. Huko, khatar, pamoja na maana ya jambo la kuogopwa, ilikuwa pia jina la kitu ambacho washindani hukiweka kabla ya mashindano, yaani dau. Dau huweza kupotea, na huweza kurudi mikononi mwa mwenyewe. Sababu nayo ni neno la Kiarabu, lakini maana yake ya kale ni kamba, ile ambayo mtu huishika ili akifikie kilicho mbali naye. Kwa hiyo anayesema sababu anadai kwamba ameiona kamba inayounganisha jambo hili na lile, ilhali anayesema kihatarishi anasema tu kwamba uhai wa mtoto umewekwa mahali ambapo ni rahisi zaidi kupotea. Kitenzi chetu cha kila siku kinalijua jambo hili vizuri: dereva akishuka mteremko wa Bukavu kwa mwendo wa kasi katika tope, tunasema amehatarisha maisha ya abiria wake, na tunasema hivyo hata kama wote wameshuka salama na kwenda zao.

Nadhani mkanganyiko umetoka pande mbili. Kwanza, kihatarishi na kisababishi vimeundwa kwa namna moja, na sikio huvichanganya, ingawa kisababishi cha malaria ni kijidudu kinachoingizwa mwilini na mbu, si kukosa chandarua. Pili, wauguzi wetu wamelisoma jambo hili kwa Kifaransa, “facteur de risque”, na neno la kwanza limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutenda, hivyo wanaposema kwa Kiswahili hutafuta mtendaji, na aliye karibu zaidi ni mama.

Historia ya istilahi hii ingetusaidia kama ingejulikana zaidi. Ilienea baada ya mwaka 1961, pale daktari William Kannel na wenzake walipoitumia katika makala yao kuhusu ugonjwa wa moyo, kutokana na utafiti ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ambako watu wazima 5,209 walifuatiliwa kwa miaka mingi. Ni istilahi iliyozaliwa kutokana na kuhesabu watu wengi, nayo hulisemea kundi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa na uzito mdogo hufariki 6, na katika kila 100 wenye uzito wa kutosha hufariki 2. Uwezekano umekuwa mara tatu, nalo ni jambo zito. Hata hivyo watoto 94 wenye kihatarishi wako hai, na wale 2 walikufa bila kuwa nacho.

Sisemi kwamba uzito mdogo haudhuru. Mtoto wa namna hiyo huchoka upesi anaponyonya, hupoteza joto haraka, na akiwa amezaliwa kabla ya wakati amepata kiasi kidogo cha kinga ya mama yake, ambayo sehemu yake kubwa huvuka kondo la nyuma katika wiki za mwisho za mimba. Kwa hiyo vihatarishi vingine ni nyuzi halisi za ile kamba, na vingine, kama elimu ya mama, ni alama ya maisha ambayo ndani yake nyuzi hizo huwa nyingi. Pia kinachomfanya mtoto augue si lazima kiwe ndicho kinachomfanya afe: maji machafu humletea kuhara, lakini kufa kwake hutegemea zaidi lishe yake, na kama alipewa mapema maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la kuchanganya vihatarishi na dalili za hatari. Nimemwona muuguzi akilifunua shati la mtoto, jicho moja kwenye saa na jingine kwenye kifua, akihesabu pumzi kwa dakika nzima: zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Hiyo ni dalili. Kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu ni dalili za hatari, na mtoto mwenye dalili hizo apelekwe sasa hivi, hata kama alizaliwa na kilo nne na chanjo zake zote zimekamilika. Wapo wazazi waliosubiri hadi asubuhi kwa kuwa waliambiwa mtoto wao hana kihatarishi.

Mwanamke yule wa kwenye kilio hakukusudia mabaya, na ningependa tu abadilishe maneno machache. Angeweza kusema: “Nimonia ndiyo iliyomchukua, na uzito wake mdogo ulimpunguzia nguvu.” Na kama hakuwa na hakika hata ya hilo, “Pole, dada” ilikuwa imetosha.